Siku Walipompasua Mabaka

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali. Ya nyuma nayasema kwa pumzi moja.

Mimi Wenceslaus nilikuwa mpiga solo wa bendi ya shirika moja pale Musoma. Shirika likafa kama yalivyokufa mengine miaka ile, na vyombo vya muziki vikauzwa. Nikamtoa ng'ombe pekee aliyeachwa na marehemu mama, jike la mabaka meusi, nikapewa gitaa. Wenzangu wakalibatiza gitaa jina la ng'ombe: Mabaka. Lakini amplifaya na spika zilichukuliwa na Clementi, wakala wa sangara, mwenye baa kule Bunda. Gitaa langu, spika zake. Na mwenye spika ndiye mwenye bendi, hilo sikuambiwa na mtu, nimelionja mwenyewe.

Niliishia pale Clementi alipotupa vyuma viwili vizito juu ya meza iliyojaa miiba ya samaki na bia iliyomwagika, akasema, "Hizi ziingie kwenye Mabaka kabla ya Jumapili."

Mpaka leo nikiikumbuka ile meza natema mate.

"Nini hizi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Sumaku. Zimepita mpakani Sirari jana. Za Nairobi hizi, nguvu yake mara tatu ya zako."

Kwa asiyejua: gitaa la umeme halina sauti tumboni. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Hizo ndizo zinazosikiliza uzi ukitikisika, zikapeleka habari kwenye amplifaya. Ukilibadilisha gitaa sumaku, umembadilisha mtu koo. Sumaku za Mabaka zilikuwa za zamani, za mstari mmoja, dhaifu, na zilikuwa zinavuma kidogo hata kama hujagusa kitu. Lakini ukigusa uzi zilitamka kila neno, halikumezwa hata moja.

"Zangu zinanitosha, bosi."

"Zako zinaliaga kama mbu, mura. Wateja wangu wametoka ziwani, wana hela ya sangara, wanataka muziki uwapige hapa." Akajigonga kifua. "Wewe unawapapasa masikio."

Bernado, mpiga rizimu wetu, akacheka. Huyu Bernado nilimfundisha mimi, tangu namna ya kushika shingo ya gitaa. Alikula kwangu, alilala kwangu, nguo za kupandia jukwaani nilimwazima mimi.

"Kaka Wense, acha ubishi," akasema. "Dunia imefunguliwa sasa. Kila kitu kinaingia. Sisi tu tubaki na mambo ya wakati wa foleni ya sukari?"

Utaniuliza, kwa nini sikuondoka na gitaa langu? Ningeondoka. Ila Jumatatu, siku nane baada ya Jumapili hiyo, watu wa redio walikuwa wanakuja Musoma na mitambo yao kurekodi bendi za Mara. Mara mbili huko nyuma tulipangiwa kwenda Dar kurekodi, mara ya kwanza gari likakosa dizeli, ya pili likakosa tairi. Hii ilikuwa ya tatu, na nilikuwa na wimbo mmoja niliotaka ukae kwenye tepu kabla sijafa.

Wimbo wenyewe ukiitwa "Kitanda cha Dirishani." Niliutunga hospitalini, nimekaa chini, mgongo ukutani, mke wangu Dorotea amelala kwenye kitanda hicho. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amezaliwa asubuhi na hakukaa. Maneno hayamtaji mtoto popote. Yanamtaja mtu aliyelala karibu na dirisha, na upepo wa ziwa, basi. Mengine yote inasema solo.

Clementi alilijua lile hitaji langu, akalikanyagia hapo hapo.

"Usipoziweka," akasema huku anajichokonoa meno, "hiyo Jumatatu yenu spika hazitoki Bunda."

Mwenye nguvu mpishe. Nikampisha.

*

Nyumbani Makoko nilimkuta Dorotea anakaanga mapanki. Ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishakata minofu ya kuwapelekea Wazungu, ndiyo sisi tulioishi kando ya ziwa tulikuwa tunauziwa kama kitoweo. Samaki mzima amepanda ndege, wewe mwenye ziwa unafyonza uti wa mgongo. Dorotea alikuwa anayapata kwa Clementi, anayakaanga, anayauza barabarani.

"Mpe anachotaka," akaniambia bila kuinua macho.

"Dorotea, ni koo la gitaa langu."

"Na mimi nakaanga mapanki ya nani? Clementi akininyima, tutakaanga nyuzi?"

Mafuta yakaruka, akajifuta mkono.

"Na huo wimbo," akasema, "usiupeleke redioni."

"Kwa nini?"

"Watu watauliza kitanda cha nani. Halafu watajua. Mtoto alikuwa wangu pia, Wense. Sitaki kila duka linalofungua redio liwe na msiba wangu."

Nikamwambia hakuna atakayeuliza. Nikamwambia wimbo mzuri haufichwi. Akageuza panki lake upande wa pili.

*

Fundi wa redio tuliyemwamini Musoma alikuwa Hasani. Alimfungua Mabaka taratibu, akazitoa sumaku za zamani, akazifunga kwenye kitambaa safi. Kisha akazichukua zile mpya, akazipima kwenye matundu, akatikisa kichwa.

"Hazikai. Tazama, hizi ni pacha, mistari miwili imelala pamoja. Shimo lako jembamba."

"Zina ubaya gani?" nikamuuliza, natamani aseme zina sumu.

"Hazina ubaya. Pacha mmoja anakula mvumo wa mwenzake, kelele ya umeme haipiti. Na nguvu zinayo kweli kweli. Sizilaumu. Ila kwa mkono wako, Wense, naona ni kama kumpa bibi harusi tarumbeta." Akamgeukia Clementi, aliyekuja nami na kusimama mlangoni. "Halafu mbao lazima ichongwe. Mimi mtu wa redio, sichongi."

"Mchongaji ninaye," akasema Clementi.

"Fundi wa makabati?"

"Wewe chomelea waya wako, Hasani. Mchongaji ninaye."

Sumaku zangu zikabaki kwa Hasani. "Nakutunzia," akasema. "Ukizihitaji, zipo hapa hapa." Nikashukuru. Nilishukuru watu wengi wiki ile.

Mchongaji wa Clementi alikuwa mzee Keraryo, fundi wa mitumbwi pwani ya Makoko. Mtumbwi wa Keraryo hauvuji, hilo sitamnyima. Lakini Clementi alimtaka apasue gitaa!

Mabaka akalazwa kifudifudi, kisha chali, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Magamba ya samaki kila mahali, matumbo ya samaki yanachemka juani, bata mmoja anayagombea. Keraryo akatoa patasi ambayo upana wake ulikuwa sawa na kiganja changu.

"Taratibu, mzee wangu," nikamwomba.

"Mimi nimetoboa mbao wewe bado uko mgongoni kwa mama yako."

Akagonga. Rangi ikaruka. Akagonga tena, kipande cha mbao kikaanguka mchangani na bata akaja kukionja. Nilishika kichwa. Clementi alikaa kwenye ndoo, anakunywa soda, anatazama kama anayetazama mpira.

Keraryo alipomaliza, matundu hayakuwa matundu tena, yalikuwa mapango. Sumaku mpya ziliingia na nafasi ikabaki pande zote, zikawa zinachezacheza ndani kama jino la mtoto.

"Umezidisha, mzee."

"Hiyo si shida," akasema. "Hiyo kalafati."

Sikuelewa upesi. Ningeelewa upesi ningemrukia. Fundi wa mtumbwi akiona nafasi kati ya mbao na mbao, hana swali. Anasokota pamba, anaichovya kwenye mafuta, anaishindilia kwa patasi mpaka maji yakose njia. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Keraryo akavuta kopo lake la mafuta ya sangara, meusi, yamechemshwa sijui tangu lini, akachovya pamba.

"Mzee! Gitaa haliingii majini!"

"Sasa unataka niache wazi?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Kazi yangu haitokagi hapa na tundu. Kesho watu waseme Keraryo kazeeka?"

Na akashindilia. Pamba ikaingia, mafuta yakatoka, yakatambaa juu ya kifua cha Mabaka mpaka kwenye vitufe vya sauti. Harufu yake, msomaji wangu, sitaki ikufikie na chai yako mkononi. Clementi alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Hasani alipokuja kuchomelea waya alijifunga leso usoni. Alipomaliza alinawa mikono kwa majivu, akanawa tena kwa sabuni, akaondoka.

*

Jumapili, dansi la mchana, Bunda.

Clementi aliagiza sumaku zipandishwe juu mpaka zikaribie kugusa nyuzi, "ili ziume." Nyuzi zangu nyembamba hazikuwa za dukani. Miaka yote ya shida tulikuwa tunafumua waya wa breki ya baiskeli, na mimi niliuzoea, nikabaki nao. Sasa ukichukua waya wa breki ukauweka juu ya sumaku yenye nguvu namna ile, sumaku inauvuta. Uzi hauko huru. Ukiupiga unatoa sauti mbili zinazogombana ndani ya noti moja.

Nilianza "Kitanda cha Dirishani" kwa sababu Clementi aliamuru. Noti ya kwanza amplifaya ikakoroma. Ya pili ikapiga kelele. Ile sehemu ya kati, ambapo vidole vyangu vinatembea upesi na kila noti inapaswa kusimama peke yake, ikawa uji. Mafuta yalikuwa yamepata joto, nzi wakafika, wakatua kwenye shingo ya gitaa na kwenye midomo yangu. Nikafumba macho, nasubiri nizomewe. Nilitamani kuzomewa. Wakinizomea, nilijiambia, Clementi atajionea mwenyewe.

Ukumbi ulilipuka.

Walishangilia! Wavuvi walipanda juu ya viti. Mmoja alikuja mbele akamwagia gitaa bia, akalibusu pale pale kwenye pamba, akarudi anajilamba. "Rudia! Rudia!" Wakawainua wanawake, wakapiga meza kwa chupa. Wimbo nilioutunga kwa machozi, watu wanarukaruka nao kama wamemwagiwa upupu.

Nilirudia. Nikarudia tena. Kisha nikaenda nyuma ya baa nikatapika.

Bernado akanifuata, akanishika bega. "Umewaua, kaka."

"Umesikia nilichopiga?"

"Nimesikia."

"Kilikuwa uchafu, Bernado."

"Wao hawajui," akasema polepole. "Ila mimi najua. Ile sauti ya zamani ndiyo ilikuwa ya redio."

Nilimpenda sana kwa maneno yale. Nilimwona ndiye mtu pekee mwenye masikio katika Bunda nzima.

Kesho yake nilimfuata Clementi, nikamwambia wazi: baa nitampigia na vyuma vyake, lakini kwa redio narudishia sumaku zangu, hata kama itabidi nizifunge kwa kamba. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Sawa," akasema.

"Sawa?"

"Mimi nina ubaya gani na wewe? Pumzika wiki hii, mtengeneze Mabaka wako. Jumamosi kuna harusi Butiama, Bernado atashika solo. Jumatatu mnakutana na watu wa redio."

Nikamshukuru. Naandika hapa kwa hasira: nilimshukuru, nikamwinamia.

*

Wiki nzima nilichokonoa pamba kwa sindano ya kushonea magunia. Nilimsugua Mabaka kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga. Harufu ilikuwa imeingia kwenye mbao na haikuwa na haraka ya kutoka. Dorotea akahamia chumba cha pili. "Nanuka samaki mchana kutwa barabarani," akasema, "sasa na kitandani?"

Jumamosi asubuhi aliondoka mapema, akasema anawahi mapanki. Mimi nikambeba Mabaka kwenye gunia mpaka kwa Hasani.

"Nipe sumaku zangu, fundi."

Hasani akanitazama kama nimemwomba jicho.

"Si Bernado alizichukua? Jumatatu."

"Bernado yupi?"

"Bernado wako! Kasema umemtuma. Siku zote ndiye unamtumaga, akija hapa namhesabu kama wewe. Kasema zile kubwa umeshazizoea, hizi umempa yeye. Nikamfungia kwenye gitaa lake mwenyewe." Akaanza kukunja uso. "Wense. Hukumtuma?"

Nilikaa kwenye benchi.

"Jumatatu nitamshika," nikasema. "Mbele ya watu wa redio nitamshika."

"Jumatatu?" Hasani akauliza. "Watu wa redio si walipita hapa leo kuulizia betri? Gari lao lilikuwa na mitambo yote. Wameenda Butiama na Clementi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikivalisha nguo kabisa.

Nilipata lori la barafu lililorudi tupu kutoka kiwandani. Dereva aliniweka mbele. Hatukufika mbali akafungua dirisha, akaniangalia, akaliangalia gunia.

"Mzee, umebeba samaki gani huyo? Mbona kavunda?"

"Gitaa."

Alicheka mpaka njia panda ya Butiama. Nikashuka, nikatembea kwa mguu katikati ya yale mawe makubwa, jua la mchana utosini, gunia begani, nzi wananisindikiza.

Nyumba ya harusi sikuhitaji kuulizia. Niliisikia.

Nilisikia koo la Mabaka. Lilitoka kwenye spika, likapita juu ya migomba, safi, kila noti imesimama peke yake, na ule mvumo mdogo nyuma yake ambao nilikuwa nimeuzoea kama pumzi ya mke. "Kitanda cha Dirishani." Pale ninapochelewesha noti kidogo ili msikilizaji aingoje, naye alichelewesha. Pale ninapoteleza kidole, aliteleza. Nilimfundisha vizuri mno yule mbwa.

Nilisimama barabarani, nikalia kwa uzuri wake. Kisha kinyaa kikanipanda, nikaanza kukimbia.

Chini ya turubai, watu wa harusi walikuwa wamenyamaza kimya, wameambiwa wanyamaze. Pembeni lilikuwepo gari la redio, na mbele yake meza yenye mashine ya tepu. Mtu mwembamba aliyevaa visikizi masikioni alikuwa ameinua mkono kuwazuia wanaokohoa. Baadaye nilijua anaitwa Enoka. Bernado amesimama na gitaa lake jekundu, macho yameelekea chini. Clementi amekaa kwenye kiti cha wazee, kama ni yeye anayeozesha.

"Huo wimbo ni wangu!" nikapiga kelele.

Enoka akabonyeza kitu, tepu ikasimama. "Tunarekodi, bwana! Nani huyu?"

Watu waliokuwa karibu nami walianza kujiziba pua.

"Msameheni," akasema Clementi. "Alikuwaga mpiga gitaa wangu. Pombe."

Sijawahi kunywa pombe tangu nizaliwe. Nikamtoa Mabaka kwenye gunia, nikamwinua juu waone yale mapango na pamba iliyobaki. "Tazameni! Humu ndimo zilimotolewa sumaku anazopigia huyu mwizi! Walilipasua gitaa langu kwa patasi ya mtumbwi ili wapate koo lake!"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mama mmoja akasema, "Jamani, amekuja kuuza samaki!" Bibi harusi mwenyewe alicheka, shela ikamtetemeka.

Enoka hakucheka. Lazima niseme ukweli, alikuwa mtu wa haki. Akavua visikizi.

"Mzee, sumaku ni mambo yenu. Mimi naulizwa kitu kimoja tu kule kazini: mtunzi nani. Jina moja. Nani mtunzi?"

"Mimi, Wenceslaus."

Bernado hakuinua macho. "Mimi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini aliitoa.

"Kuna mtu yeyote alikuwepo wimbo ukitungwa?" Enoka akauliza.

Na hapo, msomaji wangu, nilicheka mimi. Kwa sababu katikati ya wanawake wa jikoni, kando ya masufuria, nilimwona Dorotea. Sikujiuliza anafanya nini Butiama wakati alisema anawahi mapanki Musoma. Nilichoona ni shahidi.

"Mke wangu alikuwepo!" nikasema. "Yule pale. Kitanda kinachoimbwa alikilalia yeye. Alijifungua asubuhi, mchana tukamzika mtoto, jioni nikautunga wimbo, yeye anasikia. Mwulizeni!"

Masufuria yaliacha kugongana. Wanawake wote wakamgeukia. Mmoja akajishika mdomo, akamwambia jirani yake kitu sikioni, na jirani naye akamwambia wa pili.

Bernado alikuwa amepauka. "Kitanda ni cha hospitali?" akaniuliza. "Kaka, hukuwahi kuniambia."

Nilikuwa sina muda naye. Dorotea alikuwa anakuja, polepole, anajifuta mikono kwenye khanga. Clementi alikohoa, akamtazama. Dorotea hakumtazama Clementi. Alikuwa ananitazama mimi tu tangu alipotoka kwenye masufuria.

Enoka akamsogezea kipaza sauti, kwa heshima. "Mama, shikamoo. Huyu ni mumeo?"

"Ndiye."

"Wimbo huu katunga nani?"

Nilitabasamu. Nilimtabasamia kama mtu anayengoja kupokea haki yake.

"Bernado," akasema Dorotea.

"Dorotea!"

"Ni wa Bernado, baba. Andika."

Enoka akaandika. Kule kwenye kiti cha wazee Clementi alipiga paja lake, mara moja, akachukua glasi yake. Mimi nilimsogelea mke wangu mpaka nikasikia moshi wa kuni kwenye nywele zake.

"Clementi kakupa nini?" nikamuuliza.

"Kaniita nije kupika. Hakunipa kitu, wala hakuniomba." Alisema chini chini, midomo haikuchezacheza, machozi yamejaa na hayadondoki. "Ukiwa wa Bernado, ni wimbo tu wa kitanda. Ukiwa wako, ni mtoto wangu. Nilikuomba, Wense. Na sasa umeshawaambia wote hawa."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa kujua pa kuanzia.

"Tafadhali, tunamaliza," akasema Enoka. "Muda unakwenda na betri ni hizi tu. Bwana Bernado, tuanze tena mwanzo."

Bernado hakuanza. Alivua mkanda wa gitaa begani. Alikuwa anamtazama Dorotea, nikajua kweli kwamba hakujua kitanda kile ni cha nani. Akaja mpaka nilipo, akampokea Mabaka, akanivika gitaa lake jekundu kifuani, lenye sumaku zangu.

"Piga wewe, kaka," akasema. "Jina wameshaandika. Mimi siwezi kuupiga tena huo."

"Yeyote apige, mimi nasubiri!" Enoka akasema. "Kimya jamani!"

Mashine ikabonyezwa. Magurudumu ya tepu yakaanza kuzunguka.

Dorotea alikuwa bado amesimama mbele ya kipaza sauti, hakusogea, anatikisa kichwa kuniambia hapana. Clementi alikuwa ameinuka kwenye kiti. Nilikusudia kulitupa lile gitaa chini, Mungu ndiye shahidi wangu, nililikusudia kwa moyo wote.

Lakini vidole vyangu, navichukia mpaka leo, vilikuwa vimeshajipanga juu ya nyuzi.